Mchumba wangu Mjapani amegundua mjomba aliyefichwa tangu 1949

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa Tanga, naishi Nagoya, na nimechumbiwa na kijana wa Kijapani. Kwao ni Gifu, si mbali na hapa kwa treni. Baba yake hana neno na mimi. Mtihani ni mama yake, aliyezaliwa 1955. Hajawahi kunivunjia heshima usoni, ila tangu mwanzo amekuwa akimwambia mwanawe kwamba majirani watasema na kwamba ndoa hii itawaletea watu mlangoni. Tulidhani ni rangi yangu tu, tukasema atazoea.

Miezi michache iliyopita bibi mzaa mama wa mchumba wangu alifariki akiwa na miaka 97. Babu alitangulia zamani. Bibi ameacha nyumba na kiwanja, na ili vihamishiwe kwa warithi zinatakiwa koseki zake zote, yale maandiko ya familia yanayotunzwa na manispaa, tangu alipozaliwa hadi alipokufa. Mchumba wangu ndiye aliyekwenda kuzichukua, akarudi na bunda. Ndani yake kuna koseki iliyofunguliwa 1949 kwa jina la bibi, kabla hajaolewa, naye ana mtoto wa kiume. Nafasi ya jina la baba iko tupu. Bibi aliolewa 1953 akahamia koseki ya mumewe, mtoto akabaki mle peke yake. Kisha kuna maelezo ya 1956 kwamba mtoto ameasiliwa na mume na mke wa Kimarekani, majina yao yameandikwa kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia maneno ya kigeni.

Mama mkwe alipoiona karatasi ile alinyamaza, kisha akasema: "Andikeni warithi ni wawili, mimi na mdogo wangu. Asiambiwe mtu." Lakini dada wa marehemu, ambaye bado yu hai, alimnong'oneza mchumba wangu kwamba mtoto yule alikuwa wa askari mweusi wa kambi ya Kakamigahara, hukohuko Gifu, na kwamba alipelekwa Oiso akiwa mchanga.

Shangazi, nimeumia. Kumbe bibi alikuwa akijiuza kambini, na binti yake anayeyajua yote hayo ndiye anayenikataa mimi kwa weusi wangu! Nimwambie kwamba najua? Je, karatasi ile inaweza kuachwa kando kama anavyotaka? Mchumba wangu anataka kumtafuta mjomba wake, tuanzie wapi? Na baba yangu huko Tanga anauliza ukoo wa kijana kabla ya kupokea posa. Nimjibu nini?

Mchumba, Nagoya

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa uzito huu ambao hukuuomba.

Nianze na lisiloweza kungoja. Mama mkwe wako hawezi kuandika kwamba warithi ni wawili. Ofisi ya usajili wa ardhi, homukyoku, haichukui neno la familia. Inapitia koseki moja baada ya nyingine, na ofisa atamwona mtoto wa 1949 kama mchumba wako alivyomwona. Makubaliano ya kugawana mirathi yanayokosa hata mrithi mmoja ni batili, hata kama wengine wote wamegonga mihuri yao.

Wala msijipe moyo kwamba kuasiliwa kulimtoa. Kuasili kwa kawaida, kwa sheria ya Japani, hakukati damu: mtoto huwarithi waliomlea na hubaki mrithi wa waliomzaa. Aina inayokata uhusiano na wazazi wa damu, tokubetsu yoshi, ilianza kutumika Januari 1988, zaidi ya miaka 30 baada ya mtoto huyu kuondoka. Ikiwa kulikuwa pia na hukumu ya mahakama ya Marekani, mwanasheria aisome aseme ina nguvu gani huku. Hilo msijiamulie nyumbani. Na kuzaliwa nje ya ndoa hakupunguzi fungu lake. Zamani mtoto wa namna hiyo alipewa nusu ya fungu la mwenzake wa ndani ya ndoa, lakini Mahakama ya Juu ya Japani ilitamka tarehe 4 Septemba 2013 kwamba jambo hilo linavunja katiba, na sheria ikarekebishwa mwaka huohuo. Kama bibi hakuacha wosia, watoto wake ni watatu, kila mmoja ana theluthi.

Muda nao una mipaka yake. Anayetaka kuukataa urithi, mathalani kwa sababu ya madeni, ana miezi 3 tangu ajue kwamba amekuwa mrithi. Kodi ya mirathi inatakiwa ndani ya miezi 10. Kiasi kisichotozwa ni yeni milioni 30 pamoja na milioni 6 kwa kila mrithi, kwa hiyo kwa warithi watatu ni milioni 48. Nyumba nyingi za zamani za mikoani hazifiki hapo, lakini kiwanja na akiba ya benki vihesabiwe pamoja. Tena tangu tarehe 1 Aprili 2024 kusajili mali ya urithi ni wajibu, ndani ya miaka 3 tangu mrithi ajue kuwa ameirithi, na anayepuuza bila sababu anaweza kutozwa faini hadi yeni 100,000.

Hapa kuna njia ambayo familia nyingi haziijui, nayo itamsaidia sana mama mkwe. Inaitwa sozokunin shinkoku toki. Ni mrithi mmoja kwenda homukyoku kujitaja kwamba yeye ni mmoja wa warithi wa nyumba fulani. Anaweza kuifanya peke yake. Anahitaji tu hati za kuonyesha kifo cha mama yake na kwamba yeye ni mwanawe, hahitaji saini ya ndugu mwingine, na haitozwi kodi ya usajili. Haihamishi umiliki, na nyumba haiwezi kuuzwa kwa karatasi hiyo. Lakini inamwondolea ule wajibu wa miaka 3, na inampa nafasi ya kuomboleza bila kusukumwa. Ningependa aifanye mapema, kabla hamjamgusia neno la kumtafuta mtu.

Sasa nikueleze jinsi siri hii ilivyoweza kukaa miaka yote hiyo, maana bila kuelewa hilo utamwona mama mkwe kuwa mwongo, naye si mwongo.

Koseki ya sasa ilianza na sheria iliyotumika kuanzia tarehe 1 Januari 1948. Inaruhusu vizazi viwili tu: wazazi na watoto wasio na ndoa. Msichana aliyezaa nyumbani kwa baba yake hakuweza kuandikwa mle pamoja na mtoto, ingekuwa vizazi vitatu. Ndiyo maana bibi alifunguliwa koseki yake mwaka 1949. Alipoolewa 1953 aliingia koseki ya mume, lakini mtoto hamfuati mama moja kwa moja, mpaka taratibu za kumhamisha zifanyike. Hazikufanyika. Katika koseki ya mume palionekana tu kwamba mke katoka koseki fulani, basi. Mama mkwe wako na mdogo wake walizaliwa ndani ya maandiko yasiyomtaja kaka yao popote.

Koseki zikaja kunakiliwa upya mara mbili, kufuatia agizo la 1957 na tena zilipoingizwa kwenye kompyuta kuanzia 1994, na kila mara waliokwisha kutoka hawakuhamishiwa ukurasa mpya. Mtu akiomba nakala ya kawaida ya yeni 450 anapata ukurasa wa sasa tu. Kurasa zilizofungwa, za yeni 750 kila moja, hakuna anayeziomba bila sababu. Kifo ndicho kinachodai zote kwa pamoja, na familia nyingi za Japani zimekutana na kaka au dada wasiyemjua wakati wa mirathi, si kabla.

Angalieni pia neno linaloonyesha nafasi ya mtoto. Aliyezaliwa ndani ya ndoa aliandikwa mtoto wa kwanza wa kiume, wa pili wa kike, na kadhalika. Wa nje ya ndoa aliandikwa "mwanamume" au "mwanamke" tu, bila nafasi yoyote, mpaka utaratibu huo ulipobadilishwa Novemba 2004. Neno moja hilo lilitosha kuvunja uchumba. Na lilikuwa rahisi kulipata, kwa sababu hadi 1976 koseki ya mtu iliweza kuombwa na karibu yeyote. Wapelelezi wa ndoa walikuwa na kazi tele. Walitafuta asili ya buraku (vitongoji vya watu wa tabaka lililotengwa tangu enzi za kale), asili ya Korea, ndugu aliyefungiwa kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma (sheria ya kuwafungia ilifutwa 1996 tu), mtu aliyenusurika bomu la Hiroshima au Nagasaki, na mtoto wa kambini. Mwaka 1975 ilifichuka kwamba makampuni yalikuwa yakinunua vitabu vya siri vyenye majina ya vitongoji vya buraku ili kuwachuja waombaji kazi. Mama mkwe wako alikuwa msichana wa miaka 20 mwaka huo, umri wa kuposwa. Kama alijua kwamba ana kaka, alijua pia kwamba jina la kaka huyo lingeweza kumnyima mume.

Kwetu pwani mtoto wa nje hujulikana mtaa mzima, watu wakasema wakachoka, na maisha yakaendelea. Gifu ya miaka ile haikuwa na nafasi ya watu kusema wakachoka.

Kwa hiyo anaposema utawaletea watu mlangoni, inawezekana humsomi sawasawa. Mtu aliyelelewa katika hofu kwamba jirani atakumbuka, akiona binti mweusi anaingia kwenye ua uleule, haoni mkwe tu. Anaona wazee wa mtaa wakianza kuhesabu miaka. Sisemi hana ubaguzi. Huenda anao, na huo utaushughulikia na mumeo kwa uwazi. Nasema kuna hofu ndani yake iliyokutangulia wewe kwa miongo mingi, na ukiigusa vibaya ataificha nyuma ya ukimya hadi afe.

Kuhusu bibi, nakuomba ulifute neno ulilolitumia. Huna ushahidi nalo. Madanguro yaliyofunguliwa kwa ajili ya askari wa kigeni Agosti 1945 chini ya shirika lililoitwa RAA yalipigwa marufuku kwa askari Machi 1946, miaka 3 kabla ya mtoto huyu kuzaliwa. Ukahaba uliendelea mitaani, ndiyo, lakini kambi ziliajiri pia wapigachapa, wafuaji, wapishi, wahudumu wa kantini na yaya. Msichana wa miaka 22 wa Gifu mwaka 1949 aliweza kukutana na askari kwa njia nyingi, na kupendana kukiwemo.

Hata kama walipendana, walikuwa wanafunga ndoa wapi? Askari alihitaji kibali cha mkuu wake, na vibali vilinyimwa mara kwa mara. Juu ya hapo, sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1924 iliwafungia mlango Wajapani. Julai 1947 ulifunguliwa mwanya wa siku 30 kwa askari waliotaka kuoa, ukafungwa, ukafunguliwa tena Agosti 1950. Ni sheria ya 1952 iliyouacha wazi. Mtoto aliyezaliwa 1949 aliangukia katikati kabisa. Na Kikosi cha 24 cha askari wa miguu wa Marekani, kikosi cha askari weusi kilichokuwa na kambi Gifu tangu 1947, kilipelekwa vitani Korea Julai 1950. Hii si hati kwamba baba alikuwa wa kikosi hicho, ila inaafikiana na alichosema yule dada wa marehemu. Wapo walioondoka kwa kukimbia majukumu na wapo walioondoka kwa amri, na wengi hawakurudi kutoka Korea. Bibi mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa, basi tumwekee heshima yake.

Oiso nayo usiielewe kama jalala. Ni mji wa pwani mkoani Kanagawa ambako Sawada Miki, mjukuu wa mwanzilishi wa Mitsubishi, alifungua mwaka 1948 nyumba ya watoto iitwayo Elizabeth Saunders Home, kwa ajili ya watoto wa askari wa kigeni waliokuwa wakiachwa vituoni na barabarani. Magazeti ya Japani yalivumisha kwamba watoto wa aina hiyo nchini ni 200,000, na hofu ikapanda, ilhali hesabu za wizara mwanzoni mwa miaka ya 1950 hazikufika hata 6,000. Wengi walipelekwa Marekani kuasiliwa, hasa baada ya sheria ya 1953 iliyotenga viza 4,000 kwa yatima walio chini ya miaka 10, sheria iliyokwisha muda wake mwishoni mwa 1956. Tazama tarehe ya mtoto wenu: 1956, miaka 7. Alipita dirisha likikaribia kufungwa.

Na jambo moja mchumba wako alijue anapomfikiria mjomba wake: mtoto yule alikuwa Mjapani kamili. Uraia wakati ule ulifuata baba, lakini baba asipojulikana ulifuata mama. Ile nafasi tupu ndiyo iliyomweka kwenye koseki. Na kwa kuwa Wamarekani hawana koseki ya kumhamishia, kuasiliwa kuliandikwa tu pembeni ya jina lake. Kama hakuna aliyetoa taarifa ya kupoteza uraia baadaye, kwenye karatasi za Gifu bado ni Mjapani aliye hai.

Umeuliza kama umwambie mama mkwe kwamba unajua. Hapana. Usilizushe, na akikuuliza usikane. Mwenye kusema ni mwanawe, peke yake, si mbele yako wala mbele ya mdogo wake mama. Asichague siku yenye wageni, iwe kumbukumbu ya kifo au Obon (siku za kiangazi za kuwakumbuka wafu) ya kwanza ya marehemu, na asitumie ujumbe wa simu. Asitangulize karatasi mezani. Aanze na nyumba, kwa sababu nyumba ni jambo ambalo mama anaweza kulizungumza bila kuvuliwa nguo: "Mama, ofisi haitapokea majina mawili. Kuna njia ya wewe kujisajili kwanza, hakuna haraka. Sitaki ubebe hili peke yako. Niambie tu nani ajue na nani asijue bado."

Kisha anyamaze. Asiulize alijua lini, asiulize kwa nini hakusema. Mama akiondoka kwenda jikoni, asimfuate. Anaweza kukaa wiki bila kulirudia, na huko si kukataa. Mara nyingi jibu huja kwa njia ya pembeni, picha inatolewa kabatini, au swali moja linaulizwa kuhusu umri wake sasa. Mdogo wake ni mrithi pia na lazima atie saini, kwa hiyo atajua tu, lakini apewe mama nafasi ya kumwambia mwenyewe. Ninachokiogopa zaidi ni ninyi wawili kumtafuta mjomba kimyakimya, mkampata, halafu mkamletea mama mtu aliyekwisha kuandikiwa barua. Hapo mtakuwa mmemfanyia kilekile alichokiogopa maisha yake yote.

Akikubali, au akisema tu "fanyeni mnavyoona," kazi ianze kwa shiho shoshi, yule mtaalamu wa nyaraka za usajili wa mali. Ana mamlaka ya kikazi ya kuomba koseki zinazokosekana, na anajua namna ya kuandika sababu. Mchumba wako aliweza kupata zile za bibi kwa sababu ni mjukuu wa damu. Tangu tarehe 1 Machi 2024 anaweza kuziomba manispaa yoyote nchini, akienda mwenyewe na kitambulisho chenye picha. Wewe haki hiyo huna, na hutakuwa nayo kwa koseki za bibi hata ukishaolewa. Kwa hiyo usizipige picha, na nakala isiingie kwenye simu yako.

Watu wengi hukosea kwa kuanza kumtafuta askari. Ghala la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis liliungua tarehe 12 Julai 1973, na takriban asilimia 80 ya mafaili ya jeshi la nchi kavu ya walioachishwa kazi kati ya 1912 na 1960 yakateketea. Bila jina kamili mtazunguka tu. Tena mirathi haimhitaji baba, inamhitaji mtoto.

Mlichonacho ni bora kuliko hicho: majina ya waliomlea. Katakana huyavuruga, hasa pale r na l zinapokuwa herufi moja, kwa hiyo andikeni tahajia zote zinazowezekana kabla ya kuanza kutafuta. Maelezo ya kuasiliwa mara nyingi hutaja idhini ya Mahakama ya Familia, na hiyo huonyesha mji ambako shauri lilipita. Nyumba ya Oiso bado ipo na inalea watoto hadi leo. Ombi liende kwa barua, kutoka kwa mama mkwe akiwa ndugu wa mama mmoja, likiambatana na nakala za koseki, si mgeni kubisha hodi. Lipo pia shirika la International Social Service Japan, Tokyo, ambalo kazi yake ni kesi za familia zilizovuka mipaka, na linaweza kusimama kati wakati wa kumfikia mtu. Msilidharau hilo. Barua ya kwanza inayopita kwa mtu wa kati humwachia mpokeaji njia ya kusema hapana kwa heshima.

Kipimo cha DNA kiwe cha mwisho. Kina nguvu kwa sababu hifadhi kubwa za Kimarekani zina watu wengi walioasiliwa wanaotafuta asili yao, na ndugu wa mama mmoja hushirikiana takriban asilimia 25, mtoto wa ndugu huyo nusu yake. Kwa mtu mwenye asili ya Kijapani, jamaa wa karibu kiasi hicho kwenye orodha ya Marekani hawezi kuwa wa kubahatisha tu. Lakini mchumba wako akitema mate kwenye kichupa, anatema na ya mama yake. Asifanye bila ruhusa yake.

Mkimpata, barua iwe fupi na iwe kwa Kiingereza. Jina la mama yake, mwaka aliofariki, kwamba aliacha watoto wengine wawili, na kwamba hakuna anayemdai jibu. Wekeni picha ya mama yake akiwa kijana, kama ipo. Suala la nyumba litajwe waziwazi kwamba lipo na litaelezwa na mtaalamu kwa barua yake. Msilifiche, maana akija kuligundua baadaye atadhani mlimtafuta kwa ajili ya saini. Msimwombe msamaha kwa niaba ya bibi, hamjui bibi angesema nini. Akiamua kuchukua fungu lake, ni haki yake. Akiamua kuliacha, hana haja ya muhuri wa Kijapani: saini yake iliyothibitishwa na ofisa wa viapo huko aliko hukubalika badala ya cheti cha muhuri. Kama alifariki kabla ya bibi, watoto wake wanachukua nafasi yake; kama alifariki baada yake, warithi wake. Na akishindikana kupatikana kabisa, Mahakama ya Familia inaweza kumteua msimamizi wa mali za asiyejulikana alipo. Msimamizi huyo atalilinda fungu lake, na mahakama inaweza kutaka amana ya mamia ya maelfu ya yeni. Ndiyo maana juhudi ya kweli ya kumtafuta ina faida hata kwa asiyejali.

Nije kwenu wawili. Msiifunge ndoa yenu kwenye fundo hili. Kifungu cha 24 cha Katiba ya Japani, iliyoanza kutumika Mei 1947, kinasema ndoa husimama kwa ridhaa ya wanaooana pekee. Saini ya mama haihitajiki. Mtahitaji fomu ya kusajili ndoa, kon'in todoke, yenye mashahidi wawili watu wazima, pasipoti yako, na hati ya ubalozi wetu Tokyo kwamba huna kizuizi cha ndoa, pamoja na tafsiri yake ya Kijapani yenye jina la aliyetafsiri. Pigia manispaa simu kabla, uulize kama wanataka na cheti cha kuzaliwa. Ofisi hutofautiana, na watu hurudishwa kwa karatasi moja. Mchumba wako atafunguliwa koseki mpya na jina lako litaandikwa kwenye maelezo yake. Sherehe ndiyo isubiri. Familia iko kwenye mwaka wa msiba, na kuivumilia hadi kumbukumbu ya mwaka mmoja ni heshima ambayo mama mkwe ataiona bila kuambiwa.

Kwa baba yako, mjibu ukweli ulio wako kuutoa: wazazi wa kijana ni nani, wanaishi wapi, wanafanya kazi gani, na kwamba wako kwenye msiba wa bibi, kwa hiyo washenga wavute subira. Habari ya mtoto wa 1949 usiipeleke Tanga, hata kwa mama yako, hata kwa nia njema. Mdogo wake mama mkwe, aliyezaliwa naye tumbo moja, bado hajaambiwa.